Nisalimie Nukushi

Bi Pudensiana alikuwa amefanya kazi ya uhazili kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akitamka neno "faksi". Alisema nukushi. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, alikuwa na jibu moja tu: "Lugha yetu imeipa mashine hii jina. Wewe ni nani hata uinyang'anye?"

Alizaliwa Usevya, huko Mpimbwe, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Baba yake alikuwa katekista, mtu aliyeamini kwamba mtoto anayepindisha mstari wa daftari leo atapindisha maneno ya mahakamani kesho. Malezi ya namna hiyo siku hizi yanachekwa. Mimi siyacheki. Nimeona watu wengi waliolelewa bila mstari, na nimeona walikoishia.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilinunua asali na nta kwa warina asali, na ofisi yake ilikuwa Makanyagio, mjini Mpanda. Ilikuwa na vituo viwili vya kununulia, kimoja Sibwesa na kingine Mishamo. Ninayosimulia ni ya miaka michache iliyopita, wakati intaneti ilikuwa haijafika vituoni huko. Kila kituo kilikuwa na mashine ya faksi iliyoungwa na simu ya mezani, na antena yake ilisimama juu ya mlingoti mrefu, ikitumia umeme wa jua. Barua ilitoka Makanyagio ikiwa karatasi, ikatokea Sibwesa ikiwa karatasi.

Pale ofisini Bi Pudensiana aliweka sheria. Anayesema "faksi", "imeli" au "kompyuta" anakwenda bombani kujaza mtungi wa maji ya kunywa. Yeye alisema nukushi, baruapepe na ngamizi. Meneja mwenyewe, Bwana Ngolo, Msukuma mnene mwenye kicheko cha karibu, alijaza mtungi huo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ofisi ile haikuwahi kukosa maji.

Barua zake zilikuwa na utaratibu. Kama vile wengine waandikavyo KWA MKONO juu ya barua inayopelekwa kwa mkono, yeye juu ya kila barua inayokwenda vituoni aliandika kwa herufi kubwa, na kupiga mstari chini yake: KWA NUKUSHI. Kwa kuwa mashine ya Sibwesa ilikuwa mbovu na ilikula vidole viwili vya upande wa kushoto wa kila karatasi, yeye aliacha pambizo la vidole vitatu. Hakuna aliyemwagiza. Mtu mwadilifu hasubiri kuagizwa kuacha pambizo.

Wakala wa Sibwesa aliitwa Manyanda. Majibu yake yalikuwa mafupi, lakini kila jibu lilimalizika kwa maneno yale yale: "Nisalimie Nukushi."

Jibu la kwanza la namna hiyo lilipofika, miaka sita nyuma, Bi Pudensiana alilipeleka kwa meneja akitetemeka kwa furaha.

"Unaona, Bwana Ngolo? Neno limefika Sibwesa. Mtu wa kijijini analitumia, tena kwa mapenzi. Nyie wasomi ndio mnaolikimbia."

"Lakini mama, anaisalimia mashine?"

"Ni tamathali ya usemi."

Mwaka mmoja mashine ya Makanyagio iliharibika. Ilipopona, aliandika kuwaomba radhi mawakala kwa ukimya, "kwa sababu Nukushi haikuweza kufanya kazi wiki nzima." Manyanda akajibu: "Poleni sana. Mwambieni apumzike, kazi haziishi." Wiki iliyofuata ikaletwa chupa ya asali ya nyuki wadogo, na juu yake karatasi: "Ya Nukushi. Alambe asubuhi kabla ya chai." Bi Pudensiana akacheka mpaka akatoa machozi kwa ufundi wa yule mtu wa utani. Asali akaiingiza kwenye daftari la vitu vilivyopokelewa, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaifungia kabatini. Haikuwa yake kuilamba. Majibu ya Manyanda aliyahifadhi kwenye jalada alilolipa jina "Maendeleo ya Lugha".

Mtu anaweza kuwa mkweli, mwaminifu, asiyegusa asali isiyo yake, na bado akawa na kiburi kidogo kilichojificha chini ya kwapa. Kiburi cha Bi Pudensiana kilikuwa ndani ya jalada lile.

Alipotimiza miaka hamsini na minane, akiwa amebakiza miwili astaafu, Bwana Ngolo alimwita na kumfungia mlango. Siku hiyo hakuwa na kicheko.

"Mama Pudensiana, kuna barua ya makao makuu, Dar. Wanaunganisha faksi na imeli. Samahani, mtungi nitajaza. Kituo kikituma karatasi kwenye mashine yake, kwetu haitoki karatasi tena, inaingia kwenye kompyuta na kwenye simu za wakubwa. Na sisi tukiandika kwenye kompyuta, kwao inatoka karatasi."

"Ni jambo jema."

"Ni jema. Ila Mkurugenzi anauliza, barua zikishajipeleka na kujipokea zenyewe, mhazili ni wa nini?"

Bi Pudensiana aliinyoosha kalamu iliyokuwa imelala upande juu ya meza ya meneja.

"Nimekutetea," akasema Ngolo. "Nimemwambia mfumo unahitaji mtu wa kuusimamia. Jumamosi saa nne asubuhi atakuwa hapa. Anataka kuona vituo vyote viwili vimejibu kwa njia mpya, mbele ya macho yake. Vikijibu, mfumo uko chini yako mpaka ustaafu. Visipojibu..."

"Visipojibu nitarudi Usevya kulima mpunga."

"Mimi sikusema hivyo."

"Umesema, ila umeishia njiani."

Jumatano akafika fundi kutoka Mbeya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Josefina, mwenye begi lililojaa nyaya. Alikuwa fundi mzuri na mtu mwema, lakini kinywa chake hakikuwa na mlinzi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshajaza mtungi mara nne.

"Mama, washa kompyuta..."

"Ngamizi."

"Ngamizi? Ndiyo mtoto wa ngamia?"

"Bombani ni upande wa nyuma, mwanangu."

Pamoja na hayo walielewana. Josefina alifundisha kwa subira, na Bi Pudensiana aliandika kila hatua kwenye daftari, kwa kalamu, hata hatua ya kuwasha. Alhamisi asubuhi mfumo ulikuwa tayari kwa majaribio, na barua ya kwanza kupita humo ilitakiwa kuwa tangazo la kuviarifu vituo kuhusu Jumamosi.

Hapo ndipo alipokosea. Tangazo lile lilihitaji maneno kumi: "Jumamosi saa nne tumeni faksi, mseme mna asali kiasi gani." Lakini aliwaza kwamba huenda ikawa barua yake ya mwisho, na ya kwamba Mkurugenzi ataisoma. Akaandika barua ya kusifiwa. Kazi ya barua ni kusomwa na yule uliyemwandikia. Hilo tulifundishwa sote, na sote tunalisahau siku tunapotaka kuonekana.

Aliandika hivi:

"KWA NUKUSHI. Yah: Kuunganishwa Rasmi kwa Nukushi na Baruapepe. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shughuli hii itafanyika siku ya Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, ofisini Makanyagio, mbele ya Mkurugenzi. Muungano huu ni wa kudumu, na kwa miaka mingi umesubiriwa kwa hamu. Mnaombwa kuitikia bila kukosa, mkieleza na kile mlicho nacho ghalani. Karibuni tuujenge mustakabali mpya."

Maneno Nukushi na Baruapepe aliyaanza kwa herufi kubwa. Alikuwa akifanya hivyo kwa vitu anavyoviheshimu.

"Ngoja niache vidole vitatu kushoto," alisema. "Sibwesa wanaliwa."

"Achana na pambizo, mama. Mfumo unapanga wenyewe."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Bi Pudensiana akabonyeza. Mfumo ukapanga wenyewe, bila kujua habari za mashine ya Sibwesa.

Kule Sibwesa karatasi ilitoka ikiwa imeliwa kama kawaida. Kichwa cha habari kilikuwa kirefu, kikavunjika mistari miwili, na mstari wa pili ulianza na neno Baruapepe. Mashine ikala "Barua", ikaacha "pepe". Chini zaidi, mstari mwingine ulianza na neno "mkieleza". Nalo likaliwa lote.

Manyanda alisoma amesimama, kisha akatoka mbio hadi nyuma ya nyumba, ambako mkewe Kabula alikuwa anachemsha nta.

"Kabula we! Nukushi anaolewa!"

"Nani?"

"Nukushi! Yule binti wa ofisini anayetuletea barua. Jumamosi hii."

"Anaolewa na nani?"

"Na Pepe."

"Pepe ndiyo nani?"

"Nitajuaje mimi? Hayo ni majina ya vijana wa Dar. Ukiyasikia unadhani ni sabuni." Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. "Muungano huu ni wa kudumu, na kwa miaka mingi umesubiriwa kwa hamu. Maskini, kumbe alichelewa kupata mchumba. Na ule ugonjwa wake."

"Binti wa nani lakini?"

"Ng'wana Ngolo, binti wa meneja, atakuwa wa nani tena? Msukuma nikisikia jina la Kisukuma sitalijua?"

Kabula aliendelea kukoroga. Alikuwa mwanamke asiyeamini kitu mpaka akishike. "Mbona kadi yenyewe haina maua?"

"Kampuni hii hata mizani hawatubadilishii, maua watayatoa wapi? Sikiliza: mnaombwa kuitikia bila kukosa na kile mlicho nacho ghalani. Wanataka tuchangie, na sisi tuna nini?"

"Tuna nta jikoni, nami siiachi. Nenda wewe. Chukua lile beberu jeupe, limeshanichosha kula kanga zangu."

Jioni Nashon, wakala wa Mishamo, alipiga simu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, naye ni mpole anayeuliza mambo mara mbili. Mashine yake ililia mchana, alisema, lakini haikutoa kitu kwa kuwa karatasi zilikwisha tangu mwezi wa tatu. Makanyagio wanasemaje?

"Harusi ya Nukushi, Jumamosi saa nne. Mkurugenzi mwenyewe anasimamia."

"Nukushi ni mtu?" akauliza Nashon.

"Wewe ulidhani nini?"

"Kila barua inakuja 'Kwa Nukushi'. Mimi nilijua ni mtaa. Kama kwa Azimio, kwa Kawajense."

"Mtaa unaweza kuugua?"

Nashon akafikiri. "Hauwezi," akakubali. "Basi nitakuja na maharage."

Jumamosi Bi Pudensiana alifika ofisini saa kumi na mbili, akafuta vumbi mashine ambayo haikuwa na vumbi. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Bwana Ngolo aliweka maua mezani ndani ya kopo la asali. Mkurugenzi, aliyeitwa Bi Fausta, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na saa kubwa kuliko mkono wake. Aliketi mbele ya kompyuta saa nne kasoro dakika tano, akaweka simu yake juu ya meza, akasema, "Haya, dada Pudensiana. Tuonyeshe."

Saa nne ikafika. Kompyuta ikakaa kimya.

Saa nne na robo Josefina aliangalia nyaya. Saa nne na nusu alipiga simu ya mezani ya Sibwesa. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga Mishamo; ikaita vilevile. Bwana Ngolo alijifuta jasho, akasema labda kuna mvua. Wote wakaangalia dirishani. Jua lilikuwa kali, la kiangazi.

"Mitambo ni mizima," alisema Josefina. "Ni watu ambao hawapo."

Bi Fausta akavua miwani. "Dada, mimi si mtu mbaya. Lakini mfumo usiojibiwa na mtu, na mhazili wa kuusimamia mfumo huo..."

Hakumaliza. Barabarani ikapigwa honi, si moja, honi za kufuatana, na ndani ya honi hizo vigelegele. Lori dogo likaingia uani likiwa na matawi ya mwarobaini mbele. Juu yake walisimama wanawake wanne wa kwaya ya Sibwesa, beberu jeupe lililovishwa kanga, na Manyanda katika koti la suti. Nyuma yake alifuata Nashon kwa pikipiki, amefunga gunia la maharage na jogoo wawili.

"Mwangaluka, wazazi!" aliita Manyanda akiruka chini. "Tumechelewa, tairi lilitutesa Sibwesa huko. Maharusi wameshatoka kanisani?"

"Maharusi gani?" akauliza Ngolo.

"Mzee naye! Siku ya leo lazima uwe mgumu, ndivyo baba wa binti anavyokuwa. Ng'wana Ngolo yuko wapi tumsalimie?"

"Mimi nina wavulana watano!"

"Sasa Nukushi ni wa nani?"

Wanakwaya walishusha mikono. Beberu peke yake liliingia ofisini, likayaona maua ndani ya kopo, likaanza kuyala.

Bi Pudensiana alishika ukingo wa mlango. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, "Manyanda. Wewe unadhani Nukushi ni nani?"

"Mama, wewe ndiye unayetuandikia! Kwa Nukushi, Kwa Nukushi, miaka yote. Si ndiyo huyu binti anayepeleka na kupokea barua? Mimi namsalimia kila mara. Hata asali nilimtumia alipougua. Hajapona?"

Asali ilikuwa bado kabatini, na muhuri wake. Bi Pudensiana hakuthubutu kuangalia upande huo. Aliingia ndani, akamwongoza Manyanda mpaka kwenye pembe ya chumba, akainyooshea mkono mashine ya kijivu aliyoifuta asubuhi.

"Huyu," akasema.

Manyanda akaitazama. Akaizunguka. "Hii si faksi?"

Nashon, aliyekuwa nyuma yake, akamgusa begani. "Nilikwambia ni mtaa," akanong'ona. "Walau mimi sikuuletea beberu."

Ngolo akamvuta Bi Pudensiana kando, akasema kwa haraka, "Mama, sikiliza. Tumwambie Mkurugenzi tuliwaalika makusudi. Sherehe ya uzinduzi. Kila kampuni inafanya. Beberu lipo, kwaya ipo, nani atajua?"

"Mungu atajua, na mimi nitajua," alisema Bi Pudensiana. "Hao wawili wanatosha."

Wengi wangekubali. Ulikuwa uongo wenye mbuzi na kwaya tayari, haukuhitaji hata kupambwa. Yeye alitembea mpaka mbele ya Bi Fausta, akasimama wima.

"Mkurugenzi, majibu hayakuja kwa sababu waliotakiwa kujibu wako hapa uani. Wako hapa kwa sababu ya barua yangu. Nimeandika neno moja kwa miaka mingi bila kuuliza kama linaeleweka, na nilipopewa dalili kwamba halieleweki, nikazifanya sifa. Tena sikuacha pambizo."

"Pambizo ni langu," akadakia Josefina, uso umemwiva. "Mimi ndiye niliyemwambia asiache. Alikuwa anajua, nikambishia."

"Hata hivyo mkono uliobonyeza ni wangu," alisema Bi Pudensiana.

Bi Fausta aliwatazama wote, kisha akalitazama beberu lililokuwa limemaliza maua. "Mimi nilikuja kuona jibu kwenye mashine," akasema. "Naona mbuzi. Siwezi kurudi Dar nikaandika kwamba mfumo umejibu mbuzi."

Manyanda alikuwa akisikiliza. "Samahani, mkuu. Jibu lenyewe lisipokuja, mama anafanywaje?"

Ngolo akatazama chini, naye Manyanda akaelewa. Akatoa simu mfukoni, akatoka uani, akaanza kupiga kelele kama ilivyo desturi yetu tunapompigia mtu wa mbali.

"Kabula! Kabula! Uko wapi?"

Sauti ya Kabula ilisikika mpaka ndani. "Niko juu ya kichuguu, nilikuwa nakupigia wewe, si ndiko simu inakoshika! Nta iko motoni! Unasemaje?"

"Nenda kwenye mashine! Andika karatasi, useme ghalani kuna nini, utume Makanyagio!"

"Sasa hivi? Nta itaungua!"

"Iache iungue! Ni kazi ya mama Pudensiana!"

"Na harusi?"

"Harusi hakuna! Nukushi ni faksi!"

"Nilisema mimi! Sikusema? Kadi haina maua!"

"Kabula, tuma kwanza, unitukane baadaye! Weka karatasi uso chini!"

"Uso wangu?"

"Uso wa karatasi! Halafu bonyeza kijani!"

Wakangoja. Wanakwaya waliingia ndani kuona mashine inavyojibu, wakajaza chumba. Dakika kumi. Dakika ishirini. Bi Pudensiana alikuwa ameshika rozari ndani ya mkoba akidhani haonekani.

Saa sita na dakika tano kompyuta ikalia. Simu ya Bi Fausta ikalia. Ya Ngolo pia ikalia. Josefina akafungua, na mbele ya watu wote ikatokea karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono uliokasirika. Bi Fausta akaisoma kwa sauti:

"KWA NUKUSHI. Hapa Sibwesa ghalani kuna madumu arobaini ya asali. Nta mabonge kumi na tisa. La ishirini linaungua sasa hivi kwa sababu yenu. Manyanda arudi leo na kanga yangu. Kabula."

Vigelegele vilipasua bati. Josefina alimkumbatia Bi Pudensiana mbele ya Mkurugenzi, jambo ambalo si la kiofisi, lakini siku hiyo nalisamehe.

"Hicho ni kimoja," alisema Bi Fausta, ingawa mdomo wake ulikuwa unacheza. "Na Mishamo?"

Nashon akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mishamo ni mimi, mkuu. Karatasi hazipo tangu mwezi wa tatu. Barua ikija inalia tu, haitoki."

"Kwa nini hakuna aliyeomba karatasi?"

Bi Pudensiana alikwenda kabatini, akarudi na jalada jembamba. Ndani yake kulikuwa na barua tatu za kuomba karatasi za Mishamo, ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, zote kwa makao makuu Dar es Salaam, kila moja na tarehe na namba yake. Nyuma ya kila moja kulikuwa na stakabadhi ya mashine kuonyesha kwamba imefika. Jibu halikuwepo hata moja. Tangu mwezi wa tano Nashon hakulalamika tena, naye akadhani Dar wameshampelekea.

Bi Fausta alizisoma zote tatu. Ya mwisho aliisoma mara mbili, kwa sababu ilielekezwa kwake kwa jina.

"Zimeandikwa Kwa Nukushi," akasema hatimaye, polepole. "Dar tuna binti wa mapokezi. Sijui kama na yeye..." Akafunga jalada. Nadhani siku hiyo aliona kwamba mashine inaweza kufikisha barua, ila haiwezi kukumbuka kwamba haikujibiwa. "Dada Pudensiana, utabaki mpaka siku yako ya kustaafu. Mfumo uko chini yako. Karatasi za Mishamo nitazileta mwenyewe. Lakini niambie kitu kimoja. Unaandika ili nani asome?"

Bi Pudensiana alimtazama Manyanda, aliyekuwa anahangaika kulivua beberu kanga.

"Yeye," akasema.

"Basi?"

Watu walioijua ofisi ile waliacha kupumua.

"Basi nitaandika faksi."

Kisha akachukua ndoo, bila kuambiwa na mtu, akapita katikati ya kwaya akiwa na kitenge chake cha sikukuu, akaenda bombani kujaza mtungi.

Beberu halikurudi Sibwesa. Manyanda alisema kwao zawadi ikishatoka zizini kwa vigelegele hairudi, iwe harusi ya watu au ya mashine. Bi Pudensiana aliliingiza kwenye daftari, beberu mmoja mweupe, akagonga muhuri, na ndipo likachinjwa, likaliwa na maharage ya Nashon. Ngolo alipewa mguu kama baba wa binti. Asali ya kabatini nayo ilifunguliwa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amepona.

Jumatatu barua ya kwanza ilitoka kwa mfumo mpya, ikiwa na pambizo la vidole vitatu. Juu yake iliandikwa KWA FAKSI, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Ilikuwa na mistari mitatu, na kila mtu aliielewa.

Jibu la Manyanda liliingia kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Alitaja madumu, akataja mabonge ya nta, kisha akaongeza: "Naona sasa barua zinakuja Kwa Faksi. Huyu Faksi ndiye mtoto? Mbona mapema hivyo? Nisalimie Nukushi na Pepe."

Bi Pudensiana, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuweka utani katika barua ya ofisi, na ambaye hakuwahi kukosea ngeli, alikaa mbele ya kompyuta, akajibu mambo ya madumu na mabonge kwa ukamilifu, na chini kabisa, upande wa kulia ambako mashine ya Sibwesa haili, akaandika:

"Hawajambo wote watatu."